Mtungi Usiotoka Jasho

Severini, mvushaji wa mtumbwi, alilazwa chali juu ya meza ya saruji. Mtu asiyejua angedhani amejipumzisha tu, ila upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umebonyea kama debe lililokanyagwa.

"Pigo moja," daktari alisema huku akinawa mikono. "Kitu kipana, kizito, kisicho na makali."

"Mchi?" Inspekta Wendelin aliuliza.

"Mchi ungeacha tundu dogo. Hiki kilikuwa kipana kuliko kiganja changu. Na kuna kitu nimekikuta ndani ya nywele."

Juu ya kipande cha pamba palikuwa na kigae cha udongo wa kuchoma, kidogo kama punje ya mpunga. Wendelin alikitazama kwa muda. Alikuwa ametoka kwenye homa, na kwinini bado ilikuwa ikivuma masikioni mwake kama nyuki. Alitaka kuketi. Kiti hakikuwapo.

"Ameungua popote? Kwa maji ya moto?"

"Hapana. Hana lengelenge hata moja. Kwa nini?"

"Mkewe alimwahidi maji ya moto, hadharani," Wendelin alisema, akavaa kofia.

Ilikuwa Oktoba 1956, mvua bado, na vumbi la Ifakara lilipanda mpaka kwenye nyusi. Wendelin na Konstebo Donati walikokota baiskeli zao kupita Kibaoni hadi barazani kwa Jumbe Ildefonce. Balbina, mke wa marehemu, alikuwa ameketi chini kwenye saruji, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Hakuwa akilia. Alionekana kama mtu aliyetembea safari ndefu akaambiwa bado nusu.

"Kesi hii haina kazi, Bwana Inspekta," Jumbe alisema. "Juzi kisimani mwanamke huyu alimwambia mumewe mbele za watu, 'Siku moja nitakumwagia maji ya moto.' Jana mume kafa. Na kichwa cha maiti tulikikuta kimelowa chapachapa! Nani amwoshe mtu kabla majirani hawajafika, kama si kuficha damu? Lori la Mahenge linaondoka alasiri. Nimeshamwambia dereva amwekee nafasi."

"Umemwambia dereva kabla ya kuniambia mimi."

Jumbe alikohoa.

"Nani alikuwa wa mwisho kumwona Severini akiwa hai?"

"Kelestini, fundi wa mitumbwi. Mtu wa Lupiro, ng'ambo ya mto, mtu wa sala. Amekuja kuziba ufa wa mtumbwi wa Severini. Anasema adhuhuri aliingia kunywa maji, akajimwagia kidogo kichwani kwa sababu ya jua, akamwacha mwenzake kitandani anazungumza vizuri tu. Na jirani, Kandida, alimwona akitoka, nguo zimelowa. Baada ya hapo hakuna aliyeingia ila huyu mkewe."

Wendelin alichuchumaa mbele ya Balbina.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jana adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Shambani. Nafyeka majani."

"Nani alikuona?"

"Ndege."

"Kule kisimani mligombana nini?"

"Mama yangu anaumwa, yuko Namawala. Nilitaka kwenda. Akasema nani atampikia. Kila mke wa Kibaoni ameshasema maneno yale, afande. Kama maneno yangeua, wangekufa waume wote, na mngevushwa na nani?"

Donati alicheka, kisha akaona uso wa Jumbe akanyamaza.

"Ulipomkuta, kichwa kilikuwa kimelowa?"

"Kimelowa, na mkeka umelowa. Sikumwosha mimi. Nilipiga kelele, watu wakaja, wakanifunga. Sijarudi ndani tangu hapo."

"Nyumbani kwako una vyombo gani vya udongo?"

Balbina alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Mume wangu amekufa, wewe unaniuliza vyombo?"

"Nakuuliza vyombo."

"Vyungu viwili vya kupikia. Mtungi wa maji, uko karibu na mlango. Una ufa shingoni, nimeuziba kwa nta ya nyuki. Na mtungi wa mafuta ya ufuta, uko jikoni. Mtupu sasa, ufuta haujavunwa."

"Na maji ya kupikia?"

"Debe moja. Nilichota jana asubuhi, nikaliacha limejaa."

Wendelin aliinuka kwa kushika ukuta. "Mama huyu haendi popote mpaka nirudi," alisema. "Na mfungue kamba. Hana pa kukimbilia, na mimi sina nguvu ya kumkimbiza."

*

Nyumba ya Severini ilikuwa juu kidogo ya gati la mitumbwi, kuta za udongo, paa la nyasi. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba kilichokaribia kugusa ardhi, mkeka uliokunjwa, makasia mawili, na mtungi juu ya tuta dogo la mchanga karibu na mlango, umefunikwa kwa kifuu. Konstebo Donati alianza kukagua kuta. Wendelin alianza na mtungi, kwa sababu ya kigae na kwa sababu koo lake lilikuwa limekauka.

Alichota kwa kata, akanywa. Akasita.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalikuwa pia na ladha nzito nyuma ya ulimi. Aliipeleka kata mlangoni kwenye mwanga. Juu ya maji palielea macho madogo ya mviringo, yenye rangi za upinde wa mvua, yakisogea na kukutana.

"Donati. Njoo uguse mtungi huu."

Donati aligusa. "Mkavu, afande."

"Mtungi wa maji, umejaa, siku ya joto kama hii. Unapaswa kuwaje?"

"Unapaswa kutoka jasho."

"Kwa nini?"

Donati alijikuna shingo. "Ndivyo mitungi ilivyo."

Wendelin hakuwa na nguvu ya kufundisha, lakini jambo lililosemwa nusu lilimkera zaidi ya homa. "Udongo wa kuchoma una vitundu visivyoonekana," alisema. "Maji hupenya humo, hufika nje, hugeuka mvuke. Maji hayawezi kuwa mvuke bila joto, kwa hiyo hulichukua kutoka kwa maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana ya ndani hupoa. Ukiziba vile vitundu, hakuna jasho. Hakuna jasho, hakuna baridi. Sasa niambie, vitundu vya mtungi huu vimezibwa na nini?"

Donati alionja kwa ncha ya kidole. "Ufuta!"

"Hata ukiuosha miaka mingi, mafuta hayatoki kwenye udongo, wala hayachanganyiki na maji. Huelea tu, na kukushitaki."

Walipekua jikoni. Vyungu viwili vilikuwapo. Debe lilikuwapo, tupu, limelala ubavu; maji aliyoyaacha Balbina yalikuwa yamehamishwa. Mtungi wa mafuta haukuwapo, kwa kuwa ulikuwa umeketi sebuleni ukijifanya mtungi wa maji. Na alama ya mviringo iliyobaki mchangani chini yake ilikuwa pana kuliko kitako chake, kama kiatu cha baba mguuni mwa mwana.

Wendelin alisogeza kitanda. Sakafu ya chini yake ilikuwa nyeusi na laini bado, kidole kilizama. Maji mengi yalikuwa yamemwagika pale, kivulini, nayo hayakuwa na haraka ya kukauka.

Galoni moja ya maji ni ratili kumi. Mtungi mkubwa huingia debe zima, yaani galoni nne. Ratili arobaini za maji, ukiongeza udongo wenyewe, juu ya kichwa cha mtu aliyelala chini kabisa ya magoti yako. Hakuna mtu anayeyaona maji kuwa silaha. Ndiyo sababu yeye mwenyewe alifikiria mchi.

"Kamlete Balbina," alisema. "Na Jumbe. Usimwambie mama yule kitu."

Alikaa mlangoni akingoja. Toka pale aliuona mto wote, mwembamba na wazi kwa kiangazi, pantoni kubwa ikiwa imekwama mchangani kule juu. Chini gatini mwanamume mwenye mgongo mpana alikuwa ameinamia mtumbwi, akipigilia nyuzi za gome ndani ya ufa. Hakuinua uso hata mara moja kutazama nyumba ya wafiwa.

Balbina alifika, akavuka kizingiti, akatazama kitanda. Kisha macho yakaangukia mtungi.

"Nani ametia maji humu?" Sauti yake ilipasuka. "Nani mpumbavu? Huu ni mtungi wa mafuta! Wa mama yangu! Tutanywaje haya? Na wangu uko wapi?"

"Anaigiza," Jumbe alinong'ona.

"Labda," Wendelin alisema. "Lakini alinieleza mitungi yote kabla ya kujua nauliza nini. Mwenye kuificha siri yake asingeniambia kuna mtungi wa mafuta. Na asingekosea mtungi wake mwenyewe. Kandida!"

Jirani aliyekuwa amejibanza ugani kusikiliza alijitokeza bila aibu. "Abee."

"Mtungi huu ni wa nini?"

Kandida hakuingia hata ndani. "Wa mafuta huo. Tazama ulivyokolea weusi tumboni. Hata mtoto wa kike anajua."

"Na wewe, Jumbe? Ungejua kabla ya kuambiwa?"

Jumbe Ildefonce aliutazama mtungi, kisha akatazama nje. "Mimi mitungi naletewa maji tu," alisema.

"Ndivyo. Aliyebadilisha mtungi huu ni mtu wa kuletewa maji."

*

Gatini maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Donati ndiye aliyeviona vigae kwanza, hatua chache kutoka ukingoni, vikubwa na vyeusi juu ya mchanga. Alikunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono, akashika maji matupu. Akajaribu tena, akashika mchanga.

"Kuna uchawi hapa, afande. Navitazama hivi!"

"Maji hupinda mwanga. Kitu kiko chini zaidi ya macho yanavyosema. Vua viatu, uingie."

Watoto waliokuwa wakiosha vyombo walicheka hadi mmoja akaangusha sufuria. Donati aliingia mpaka mapajani, akatoa vigae kimoja kimoja na kuvipanga mchangani. Kipande cha shingo kilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umezibwa kwa nta. Balbina alikiokota, akakipangusa kwa khanga, akakishika kifuani.

Kelestini, yule fundi, alikuwa ameacha kugonga. Alikuwa mtu wa makamo, rozari shingoni, mikono imejaa makovu ya tezo ya kuchongea. Wendelin aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi, mkabala naye. Hakuketi kwa ujanja wowote. Miguu ilikuwa imemwishia.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, afande. Nimeziba ufa. Nimeumwagia maji ndani tangu asubuhi ili ubao uvimbe. Sasa utavusha."

"Jana ulikunywa maji kwa Severini."

"Nilikunywa. Nilishamwambia Jumbe."

"Maji gani?"

"Maji ni maji."

"Ya moto? Ya baridi?"

"Ya baridi. Meno yaliniuma. Balbina anajua kutunza mtungi."

"Mtungi gani?"

"Ule wa karibu na mlango."

"Wa karibu na mlango hauwezi kupoza maji. Ni wa mafuta. Nimeyanywa leo, yako tumboni mwangu yananisumbua. Maji baridi uliyapata kwenye huu." Akaelekeza vigae. "Kwa hiyo ulipokunywa, huu ulikuwa mzima. Ulivunjika baadaye."

"Mtungi huvunjwa na yeyote."

"Aliyeuvunja aliweka mwingine mahali pake. Hakuna mwanamke wa bonde hili angeweka ule."

"Wanaume ni wengi."

"Aliyetoka amelowa ni mmoja."

Kelestini alitazama mikono yake. Mto ulipita nyuma yake kimya. Balbina alikuwa amesimama karibu, shingo ya mtungi ikiwa bado kifuani, na Wendelin aliona kwamba fundi hakuweza kuinua macho kumfikia.

"Mtamfungua huyu mama?" Kelestini aliuliza.

"Inategemea utakalosema. Lori linaondoka alasiri, na kuna nafasi moja tu."

"Ningesema. Naapa ningesema. Nilitaka nimalize mtumbwi kwanza. Watu wangevuka na nini?"

"Basi umemaliza."

Fundi alifuta jasho kwa kiwiko. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mbao.

"Masika yaliyopita mwanangu alishikwa na degedege. Nikambeba kutoka Lupiro mpaka ng'ambo ile, usiku, nimpeleke hospitali. Pantoni ilikuwa imefungwa, mto umejaa. Nikaita mtumbwi. Niliita mpaka koo likatoa damu. Nikalitaja jina la mtoto, nikasema Margareta anakufa, njooni mchukue Margareta. Hakuja mtu. Kulipokucha nikarudi naye, amekwisha kuwa baridi."

Donati aliweka kigae cha mwisho mchangani.

"Mke wangu, Aurelia, aliniuliza kila siku. Hawakukusikia? Nikamwambia, mto ulikuwa unanguruma, hakuna sauti inayoweza kuvuka maji yale. Tukaishi na hilo. Lilitutosha. Nilimtengenezea Severini makasia, tulikula pamoja, sikumwekea kinyongo. Nani amlaumu mtu kwa asichokisikia?"

"Jana akasemaje?"

"Alinipa maji kwa mkono wake mwenyewe. Akalala, akaanza kunichekesha. 'Fundi, watu wa ng'ambo wana usumbufu. Masika kuna mmoja alinililia usiku kucha kama mbuzi. Margareta, Margareta! Nikajifunika shuka.' Hakujua ni mimi. Akageukia ukutani, afumbe macho kidogo."

Kelestini aligusa rozari yake. Kisha akasema, "Mtungi ulikuwa mzito."

"Ulikuwa umejaa."

"Niliuinua kama unyoya."

Balbina alitoa sauti ndogo. Wendelin hakujua kama ilikuwa ya hasira au ya kitu kingine. Huenda hata yeye hakujua. "Usiku ule nililala kando yake," Balbina alisema taratibu. "Nilimwuliza, nani anaita? Akasema ni fisi."

"Na mtungi mwingine?" Wendelin aliuliza, kwa kuwa kazi ilikuwa bado.

"Kandida alikuwa nje anapeta mchele. Nilijua ataniona nimelowa. Nikasema, mtungi ukiwa mzima nitasema nilijimwagia kwa joto. Vigae nilivifunga kwenye koti. Sikujua watamfunga mama huyu. Sikujua maji kichwani yatakuwa ushahidi juu yake."

"Ulijua jana jioni."

"Nilijua jana jioni," Kelestini alikubali.

Wendelin aliagiza Balbina aachiwe. Jumbe alianza kusema kitu kuhusu kutoelewana. Balbina alimpita bila kumsalimu, akapanda kwenda nyumbani na kipande chake cha udongo. Mlangoni aliubingirisha nje mtungi wa mama yake, akamwaga maji yote uwanjani. Kuku walikimbilia unyevu.

"Afande," Kelestini alisema, mikono ikiwa sasa ndani ya pingu. "Wewe umesoma. Usiku, mto ukijaa, sauti huvuka kweli?"

Wendelin alijua jibu. Usiku hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko iliyo juu yake, na sauti inayopanda hupindwa ikarudishwa chini, ikateleza mbali. Alijua pia kwamba neno "hapana" lingekuwa jepesi kulitamka, na kwamba lisingebadilisha hukumu yoyote.

"Huvuka," alisema. "Usiku zaidi kuliko mchana."

"Hata na mvua?"

"Severini alilitaja jina la mtoto, fundi."

Kelestini aliitikia kwa kichwa, polepole. "Usimwambie Aurelia."

"Itasomwa mahakamani."

*

Lori la Mahenge lilingoja ng'ambo, kwa sababu ya pantoni kukwama. Alasiri waliingia watatu ndani ya mtumbwi wa Severini. Ufa haukuvuja hata tone. Donati, mtoto wa milimani, alishika kasia. Mtumbwi ukazunguka kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala, ukaenda na mkondo, ukainamia ubavu. Watoto wa gatini walishangilia.

Wendelin alipima jambo hilo kama alivyopima mengine. Mtu aliyefungwa pingu akitumbukia mtoni haelei muda mrefu. Kasia lilikuwa mikononi mwa asiyejua, na anayejua alikuwa amefungwa. Alitoa ufunguo.

"Afande?" Donati alishtuka.

"Mpe kasia."

Mtumbwi ulinyooka mara moja. Walikuwa hawajafika katikati sauti ilipokuja kutoka ng'ambo, ya mwanamke, na kapu la samaki likionekana dogo kichwani pake.

"Mtumbwiii! Jamani, mtumbwi!"

Kila silabi ilifika nzima, kana kwamba ameketi nao.

Kelestini aliacha kupiga kasia. Maji yalidondoka kutoka kwenye ubao wake, tone baada ya tone. Wendelin alisogeza mkono karibu na mkanda, akangoja.

Fundi alisimama katikati ya mtumbwi, imara kama aliye nchi kavu, akaweka viganja mdomoni.

"Nakusikia!" aliita. "Nakuja!"